Kakao ya Mvua ya Mawe

Adventina alikuwa na kosa moja tu katika Nshamba nzima: alikuwa amekunywa kitu ambacho wenzake hawakuwahi kukinywa, na hakujua kukaa nacho kimya. Angekinywa akanyamaza, angeishi kwa raha kama wake wengine walioolewa pale, wanaolima viazi vyao, wanaochuma kahawa yao, na kusema ule uongo mdogo wa kila siku ambao hakuna anayeushangaa. Lakini yeye alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Bumbire. Na mtu wa Bumbire, husema watu wa nchi kavu, hata akivua samaki mmoja wa kidole, atakuonyesha ukubwa wake kwa mikono miwili.

Baba yake alikuwa mvuvi, na mama yake alikausha samaki juu ya mawe. Alipofika miaka kumi na sita, shangazi yake alimpeleka Bukoba mjini, akawa yaya katika nyumba ya karani mmoja Mgoa wa bomani. Mke wa karani aliitwa Mama Filomena, mwanamke mnene, mcheshi, anayepika huku anaimba na kuimba huku anagombana na mumewe aliye chumba cha pili. Watoto walikuwa wanne, wote watundu. Adventina aliwapenda, nao walimpenda, hasa kwa sababu alijua kuwasimulia habari za mamba.

Katika nyumba ile kulikuwa na kabati jeupe la chuma, refu kama mtu, na chini yake kulikuwa na taa ya mafuta ya taa. Taa ikiwaka chini, maji yanaganda juu. Adventina aliona kwa macho yake, akagusa kwa kidole, na siku ya kwanza kidole kikanata kwenye barafu akapiga kelele hadi jirani. Kila Jumapili baada ya misa, Mama Filomena alichemsha maziwa, akakoroga kakao na sukari mpaka ikawa nzito, akaipoza, kisha akaitia katika mkebe wenye mfuniko na kuuzika mkebe huo ndani ya ndoo ya barafu iliyonyunyiziwa chumvi ya mawe. Kazi ya Adventina ilikuwa kuuzungusha mkebe, kushoto na kulia, mpaka mikono ife ganzi. Ukifungua unakuta chokoleti imeganda, si maji wala si jiwe, kitu cha kunywa ambacho lazima ukinywe kwa kijiko. Mtu akikiweka mdomoni, paji la uso linauma, macho yanatoka machozi, na hapo hapo anataka kingine.

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu aliolewa na Datius wa Nshamba, kijana mpole aliyekuwa akipakia magunia ya kahawa kwenye malori. Mama Filomena alilia, akampa kitenge, sufuria, na kopo moja la kakao ambalo halijafunguliwa. Adventina alilitia sandukuni chini ya kitanda. Hakulifungua hata Krismasi. Kakao ya moto, alisema, mtu yeyote anaweza kuinywa, na mimi nitakunywa hii siku nitakapopata barafu. Nshamba nzima haikuwa na barafu hata ya kujaza kijiko, lakini jambo hilo halikumkatisha tamaa.

Wiki ya kwanza tu ya ndoa alimsimulia mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo, Ma Kokuhirwa, alikuwa mjane mwembamba, mgongo wima, na alijulikana kutoka Nshamba mpaka ziwani kwa jambo moja: hajasema uongo tangu kuzaliwa. Hata mtu akimuuliza kama chakula chake kilikuwa kitamu, anamjibu kweli, na ndiyo sababu watu waliacha kumuuliza. Alikuwa akimenya ndizi wakati Adventina anasimulia.

“Moto uko chini?” aliuliza.

“Ndiyo, Mae.”

“Na maji yaliyoganda yako juu yake?”

“Ndiyo, Mae.”

Ma Kokuhirwa aliendelea kumenya, akamaliza ndizi moja, akachukua nyingine. “Basi kesho,” alisema, “ukienda mtoni, tuchotee na moto.”

Maneno hayo yalitoka jikoni yakazunguka kijiji kabla ndizi hazijaiva. Tangu siku hiyo, Adventina akipita njiani na mtungi, wanawake wanamuuliza kama amebeba moto. Watoto wanamuomba barafu ya kukaanga. Datius, ambaye alimpenda mke wake kwa dhati, alijaribu kumtetea kwa namna yake: aliwaambia watu kuwa huenda mjini alishikwa na homa kali, na mwenye homa huona mengi. Adventina alimnunia siku mbili kwa utetezi huo.

Mtu anaweza kuishi na utani. Adventina mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka, na mara nyingine alicheka nao. Utani ukageuka mwiba siku mbuzi wa Karugendo walipoingia katika shamba lake la viazi kule rweya, kwenye nyasi za wazi nje ya kibanja cha migomba, ambako wanawake hulima chao. Aliwaona mchana kweupe wakichimba matuta kwa kwato. Alikwenda kwa mzee wa ukoo, Ta Lwakatare, akashitaki. Karugendo aliitwa. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya bonde, mtu mwenye tumbo na maneno, na hakukana wala hakukubali. Alisema tu, “Wazee wangu, huyu ndiye aliyeona moto ukigandisha maji. Sasa ameona mbuzi wangu.”

Baraza lilicheka. Ta Lwakatare naye alicheka, kisha akajizuia, lakini kicheko cha mzee kikishatoka hakirudi. Shauri likafa hapo hapo. Adventina alirudi nyumbani na maneno yake kooni, na njia nzima alijiuliza mtu asiyeaminiwa kuhusu mbuzi ataaminiwa kuhusu nini. Je, siku mtoto atakapougua naye aseme ana homa, watacheka?

Mbuzi hawakuchelewa kurudi. Aprili ya mwaka wa hamsini na sita walikula matuta yaliyobaki, na Adventina akashitaki tena, kwa ukaidi wa watu wa kisiwani. Ta Lwakatare alikubali kusikiliza mara ya pili, safari hii nyumbani kwa Ma Kokuhirwa, Alhamisi, jua likianza kushuka. Aliongeza kwa upole kwamba itakuwa mara ya mwisho. Mwanamke hawezi kuwasumbua wazee kila viazi vinapopungua, alisema.

Alhamisi ilifika. Asubuhi Ma Kokuhirwa alitandika majani mabichi ndani ya nyumba, Datius alifagia ua, na Adventina akakaa jikoni akirudia maneno atakayosema, na kila alivyoyarudia yalizidi kufanana na uongo. Mchana mbingu ikawa nyeusi upande wa ziwa. Upepo ulipita katikati ya migomba. Kisha paa la bati la jikoni likaanza kupigwa, kwanza kimoja kimoja, halafu yote kwa pamoja, mpaka mtu haisikii hata sauti yake.

Ilikuwa mvua ya mawe.

Watu wenye akili zao, mvua ya mawe ikinyesha, hujificha ndani na kuihesabu migomba kwa huzuni. Ma Kokuhirwa alisimama mlangoni ameshika kichwa, akitazama majani ya migomba yakichanwa na mkungu mmoja mkubwa ukianguka. Alipogeuka kumwambia mkamwana wake neno la kusikitika, mkamwana hakuwepo. Alikuwa nje, katikati ya ua, ungo umemfunika kichwa, kikapu mkononi, akichota mawe ya mvua kwa viganja na kucheka kama amepewa ng'ombe.

“Adventina,” Ma Kokuhirwa aliita, “migomba inakufa.”

“Naiona, Mae. Nisamehe, Mae. Datius, lete ndoo!”

Datius alileta ndoo. Mume mpole ana faida yake: hakuuliza. Mvua ile haikudumu zaidi ya muda wa kuvuta kiko kimoja, lakini iliacha ua mweupe, na wawili hao walikimbia huku na huku wameinama, wakifagia weupe ule kwa mikono, wakijaza ndoo, kikapu, karai, na hata sufuria ya kitenge, maana ndivyo Adventina alivyoiita siku zote ile sufuria iliyokuja pamoja na kitenge cha Mama Filomena. Mawe yaliteleza ndani ya nguo zao. Datius alipitiwa na moja mgongoni akaruka, akaanza kucheka naye bila kujua anacheka nini. Adventina alifunika ndoo kwa majani makavu ya migomba, tabaka juu ya tabaka, akaisukuma kwenye pembe yenye giza jikoni.

Kisha akaenda chini ya kitanda na kutoa kopo.

Lilikuwa na kutu kidogo ukingoni. Alilifungua kwa ncha ya kisu, akanusa, na harufu ya nyumba ile ya Bukoba ikamjia nzima, pamoja na sauti ya Mama Filomena akimtukana mumewe kwa kuimba. Alitaka kulia lakini hakuwa na nafasi. Maziwa ya asubuhi yalikuwepo. Sukari ilikuwa ya Pasaka, imefungwa kwenye karatasi, imebaki robo. Alichanganya kakao na sukari kwa maji ya moto kidogo mpaka ikawa laini isiyo na madonge, akaimimina katika maziwa yanayochemka, akakoroga, akakoroga, mpaka mwiko ukaanza kuacha njia. Sufuria akaiweka ndani ya karai la mawe ya mvua ipoe. Ilitoa mvuke, mawe yakalia. Ilipopoa aliimimina katika mkebe wa samli aliousugua kwa majivu, akabana mfuniko, akauzika kwenye ndoo.

Ndipo akachukua kibuyu cha chumvi, chumvi yote ya nyumba, na kuimwaga juu ya mawe.

Ma Kokuhirwa alikuwa amevumilia mengi siku hiyo, lakini chumvi ilimshinda. “Datius,” alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa, “mke wako anaiunga mvua chumvi.”

“Naona, Mae.”

“Unamwacha?”

“Mae, nimeshachelewa kumzuia.”

Adventina hakusikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, anauzungusha mkebe kushoto na kulia, kushoto na kulia, na mikono yake ilikumbuka yenyewe. Vidole vilikuwa vyekundu, kisha vikafa ganzi. Alianza kuimba wimbo mmoja wa Mama Filomena ambao hakuwahi kujua maana yake. Alipochoka, Datius alishika zamu, akazungusha kwa nguvu ya mpakia magunia mpaka ndoo nzima ikazunguka, na wakacheka tena mpaka Ma Kokuhirwa akawaambia wanyamaze, wageni wasije wakaikuta nyumba imelewa. Kila baada ya muda Adventina alifungua mfuniko, akakwangua pembeni kwa mwiko, akafunga. Mara ya tatu mwiko ulipata kitu. Mara ya nne ulisimama.

Aliuacha mwiko umesimama wenyewe katikati ya mkebe, akakaa chini sakafuni.

Sasa, kwa Wahaya mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenye nyumba hajakionja. Iwe lubisi, ile pombe ya ndizi, iwe maji ya ndizi, mwenyeji hunywa kwanza, mgeni aone kwamba hakuna ubaya. Mwenye nyumba hii alikuwa Ma Kokuhirwa. Desturi ni desturi, hata kama kinywaji kimetokana na mvua. Adventina alichota kijiko kimoja kilichojaa, akapiga magoti, akakitoa kwa mikono miwili.

“Mae, uonje kwa niaba ya nyumba.”

Ma Kokuhirwa alikitazama kile kijiko. Hakikuwa kikitiririka. Alikinusa. Alitazama mlango, kana kwamba desturi yenyewe imesimama pale ikimngoja, akafunga macho na kukitia mdomoni.

Kwanza hakufanya lolote. Kisha mabega yalipanda mpaka masikioni. Mkono mmoja ulishika paji la uso, mwingine ukashika nguzo ya jikoni. Jicho moja lilifunguka likatoa chozi. Datius aliogopa akasogea amshike, lakini mama yake alimzuia kwa kidole, akameza, akavuta pumzi ndefu kwa mdomo wazi, akasema kwa taratibu, “Meno yangu manne yaliyobaki, yote yamenisalimia.”

Akanyoosha mkono apewe kijiko kingine.

Cha pili alikila kwa makini. Cha tatu alikila akiwa ameketi. Cha nne alichota mwenyewe bila kuombwa, na kilipomshika kwenye paji la uso alitoa sauti ambayo Datius hakuwahi kuisikia kwa mama yake tangu azaliwe, sauti nyembamba ya msichana anayetekenywa. Adventina alianza kucheka. Ma Kokuhirwa akamfuata. Walicheka wameshikana mikono baridi, midomo ina rangi ya kakao, mpaka kijiko kikaanguka, na Adventina akajisikia mwepesi, mwepesi kabisa, kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja Nshamba aliyejua.

“Hodi,” ilisikika sauti ya Ta Lwakatare nje.

Hapo ndipo Datius alipofanya kosa, na alilifanya kwa heshima zote. Wakati wanawake wanacheka, yeye alikumbuka kwamba wageni wa baraza hawawezi kunyweshwa kutoka kwenye mkebe wa samli. Alitoa kile kibuyu kizuri cha baba yake marehemu, cha maziwa ya wageni. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alikifanyia kama kila kibuyu cha maziwa kinavyofanyiwa: alikifukiza. Alijaza moshi wa majani yenye harufu, akakiziba, akakiweka karibu na mafiga. Kilipokuwa tayari kilikuwa safi, kinanukia, na cha moto kama mkate. Ndani yake akamimina chokoleti yote, akakipeleka nyumba kubwa, akakisimamisha kwenye majani mbele ya wageni, penye heshima, kando ya moto.

Adventina alipokiona pale kando ya moto, moyo ulimshuka. Lakini wageni walikuwa wameshaketi, Ta Lwakatare, wazee wawili, na Karugendo na tumbo lake, na mkamwana hawezi kukimbilia kibuyu kabla hajasalimia. Alipiga magoti mbele ya Ta Lwakatare, akamwamkia.

“Wasibota, waitu.”

Ta Lwakatare alikuwa mzee wa salamu. Aliitikia. Aliuliza habari za nyumbani, akaambiwa njema. Aliuliza habari za watoto, za ng'ombe, za wazazi wake kisiwani, za ziwa, kama limetulia. Adventina alijibu kila moja huku jicho likiwa kwenye kibuyu. Akahamia kwa mzee wa pili, naye akaanza upya na ng'ombe. Wa tatu alikuwa kiziwi kidogo, ikabidi kila salamu irudiwe. Karugendo, aliyekuwa na afya na masikio mazima, alijivuta kwa makusudi, akauliza habari za mvua, za kahawa, na mwishowe, kwa tabasamu, za moto wa mtoni. Kisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazunguka, kila mtu akachukua punje mbili tatu, akatafuna bila pupa, maana haraka haraka haina baraka.

Kibuyu kilipofunguliwa, Adventina alisikia kile alichokiogopa. Kilitiririka. Kilimiminika vikombeni chepesi, kahawia, chenye povu, kikinukia moshi.

Ta Lwakatare alikunywa. “Ni kitamu,” alisema kwa ukarimu. “Ni uji wa namna gani?”

“Si uji, waitu,” Adventina alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Ni chokoleti ya barafu. Nimeitengeneza kwa mvua ya mawe. Ilikuwa imeganda, mwiko ulisimama.”

Karugendo alikunywa cha kwake mpaka mwisho, akajifuta mdomo, akageukia wazee akiwa amenyoosha kikombe kitupu. “Mvua ya mawe imenyesha, hilo sibishi, migomba imechanika. Lakini hiki ni maziwa yenye vuguvugu. Wazee wangu, mwanamke anatupa vuguvugu mkononi na kutuambia ni barafu. Kesho atatupa kuku na kusema ni mbuzi.” Akacheka, na mzee kiziwi, ambaye hakusikia, alicheka kwa sababu Karugendo anacheka. “Njia ya mwongo ni fupi. Mimi niende nyumbani?”

Adventina alitazama majani ya sakafuni. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, akajuta kwa ajili ya chumvi, sukari ya Pasaka, na kopo alilolilinda miaka mitatu. Alijua kilichobaki ni Ta Lwakatare kusimama na kuchukua fimbo yake.

“Ilikuwa imeganda,” alisema Ma Kokuhirwa.

Kila mtu alimgeukia. Alikuwa ameketi mahali pake karibu na nguzo, mgongo wima, na pembeni ya mdomo alikuwa na alama ya kakao ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia.

“Nimeonja kwa niaba ya nyumba. Vijiko vinne. Mwiko ulisimama peke yake, meno yaliniuma, kichwa kiliniuma, na nilicheka. Mwanangu ndiye aliyeiyeyusha kwa kibuyu cha moto, na salamu zenu zikamalizia.”

Karugendo bado alikuwa na kicheko mdomoni, na mtu akishaanza kuteremka mlima huwa shida kusimama. “Ma Kokuhirwa,” alisema, “nawe tena? Uzee ni mgeni mbaya. Huyu mkamwana amekutia homa yake ya mjini.”

Katika maisha yake yote Ma Kokuhirwa alikuwa amesema neno na neno likapokewa, kama mtu anavyoweka mtungi chini na ardhi kuushika. Sasa aliuweka na hapakuwa na ardhi. Alimtazama Adventina, aliyekuwa bado amepiga magoti. Alikuwa akikumbuka ndizi alizokuwa akimenya siku ile, na jinsi alivyojiona mwerevu.

“Mwanangu,” alimwambia mbele ya wote, “hivi ndivyo nilivyokufanyia miaka mitatu. Nisamehe.”

Ta Lwakatare alikuwa ametulia, mikono juu ya fimbo. Sasa alimgeukia Karugendo, na hakukuwa na kicheko tena usoni pake.

“Karugendo, baba yako alipofariki, ndugu zake walikuja kudai nusu ya kibanja chako. Unakumbuka?”

“Nakumbuka, waitu.”

“Hakuna karatasi iliyokuwepo. Miti ya mpaka ilikuwa imeng'olewa. Ni nani aliyesimama akasema mpaka unapita wapi?”

Mzee kiziwi, ambaye safari hii alisikia, alimjibia: “Ni Kokuhirwa.”

“Peke yake,” alisema Ta Lwakatare. “Na sisi tukakata shauri kwa neno lake moja. Basi tuambie sasa, sisi wazee tumekuja, tunaweza kulifungua upya leo leo. Mama huyu ni mwongo?”

Karugendo alikiweka chini kikombe kitupu. Alikuwa mtu wa maneno, na ilikuwa ajabu kumwona akiyatafuta. Nje, maji yalidondoka kutoka kwenye migomba iliyochanika.

“Ilikuwa barafu,” alisema.

“Sikusikia,” alisema mzee kiziwi.

“Nimesema ilikuwa barafu. Iliganda. Mwiko ulisimama.”

Datius, aliyekuwa mlangoni, alicheka peke yake akakatisha. Ma Kokuhirwa hakucheka. “Na kama hilo ni kweli,” alisema, “mimi sina tena mdomo wa kubisha habari za lile kabati la moto. Sijaliona. Lakini naye hajawahi kunidanganya.”

Ta Lwakatare alivuta kigoda chake kidogo, akamkabili Adventina, kama mzee anavyomkabili shahidi. “Inuka ukae vizuri, mama,” alisema. “Hatujaanza shauri. Tuambie kuhusu mbuzi.”

Adventina alikaa. Maneno yote aliyoyarudia tangu asubuhi yalikuwa yamemtoka, na vidole vyake vilikuwa bado havijapata joto. Kwa hiyo alisema tu alichokiona.

“Walikuwa watatu, waitu. Wawili weusi, na jike mweupe mwenye pembe moja. Waliingia mchana, kutokea upande wa bonde. Walikula matuta saba.”

Alingoja kicheko. Alikuwa amekizoea sana hivi kwamba mabega yake yalijikunja yenyewe kukipokea. Karugendo alitazama sakafu. Mzee wa pili alitikisa kichwa kukubali, na Ta Lwakatare aliwageukia wenzake akalirudia neno la Adventina lote bila kupunguza wala kuongeza: mbuzi watatu, wawili weusi, jike mweupe mwenye pembe moja, matuta saba.